Maisha ya William Herschel, Mpiga Kinanda Aliyezihesabu Nyota



Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, umeme ulikatika nasi tukatoka nje kusubiri. Mwezi haukuwapo. Watoto wa kwaya walitazama juu, na mmoja wao, kijana wa darasa la sita, akatuuliza ule utepe mweupe unaokatiza anga ni wingu au ni kitu gani, na kama nyota zina mwisho. Tulimjibu kwamba ule weupe ni nyota nyingi mno zilizo mbali, na kwamba huitwa Njia Nyeupe. Swali la pili hatukulijibu vizuri. Umeme ukarudi, tukaingia ndani kuendelea na wimbo, lakini swali lake lilibaki nasi.

Kwa hiyo safari hii tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyejiuliza swali lilo hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita, akatumia nusu ya umri wake kulitafutia jibu. Hakuanza kama mtaalamu wa nyota. Alikuwa mwalimu wa muziki, mpiga kinanda na mwongozaji wa kwaya katika kanisa moja la Kianglikana huko Uingereza. Jina lake ni William Herschel.

Utoto na ujana wake

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hanover, nchini Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya askari walinzi. Hakuwa mtu wa mali, lakini alipenda elimu, na nyumbani mwake watoto walizoea kusikia muziki pamoja na mazungumzo juu ya mambo ya dunia na mbingu. Binti yake Caroline alikumbuka hata uzeeni jinsi baba alivyomtoa nje usiku mmoja wa baridi kali, akamwonyesha makundi ya nyota na nyota moja yenye mkia.

William aliingia katika bendi ileile akiwa bado kijana mdogo. Siku hizo Mfalme wa Uingereza ndiye aliyekuwa pia mtawala wa Hanover, na vita vilikuwa vikali. Mwaka 1757 Wafaransa walilishinda jeshi la Hanover, na baadaye mwaka huohuo William, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, alivuka bahari kwenda Uingereza pamoja na kaka yake. Alifika akiwa maskini. Alijipatia riziki kwa kunakili nota za muziki kwa mkono, kisha kwa kufundisha bendi na kuongoza tamasha katika miji ya kaskazini.

Mwaka 1766 alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Halifax. Inasimuliwa kwamba siku ya majaribio alitoa sauti nene na pana kuliko wote waliomtangulia, na watu wakashangaa mikono miwili imewezaje. Alipoulizwa, alionyesha vipande viwili vya madini ya risasi. Alikuwa ameviweka juu ya funguo mbili za kinanda ili zishikilie sauti, huku mikono yake ikiendelea na mengine. Kabla ya mwaka kwisha aliitwa mji wa Bath, kwenye kanisa jipya lenye pembe nane lililoitwa Octagon. Huko alipiga kinanda, akafundisha kwaya, na kutwa akapita nyumba kwa nyumba kufundisha wanafunzi wa muziki. Alitunga pia simfonia 24.

Muziki wenyewe ndio uliomfikisha kwenye nyota. Alisoma kitabu cha Robert Smith juu ya nadharia ya sauti, akakipenda, akatafuta kitabu kingine cha mtungaji huyohuyo. Hicho kilihusu nuru, vioo na darubini. Tangu hapo, akitoka kufundisha, alikwenda kulala na vitabu vya nyota.

Caroline

Hatuwezi kumtaja Herschel bila dada yake Caroline, aliyezaliwa mwaka 1750. Huyu aliugua ndui akiwa mtoto mdogo, na akiwa na miaka 10 alipata homa kali iliyosimamisha kukua kwake. Hakuzidi kimo cha sentimeta 130 hivi. Mama yao aliona kwamba binti wa namna hiyo hataolewa, basi afae kuwa mtumishi wa nyumbani, wala hakutaka asome zaidi ya kushona na kupika. Mwaka 1772 William alikwenda Hanover kumchukua. Ili mama akubali, ilimbidi aahidi kulipa fedha kila mwaka za kuajiri mtumishi mwingine badala yake.

Huko Bath Caroline alijifunza Kiingereza, hesabu na kuimba. Alipata kuwa mwimbaji wa mbele katika nyimbo kubwa za Handel zilizoongozwa na kaka yake. Aliitwa kuimba kwingine, akakataa, kwa kuwa hakutaka kuimba mahali ambapo William si mwongozaji. Jedwali la kuzidisha halikumwingia kichwani kamwe, kwa hiyo alitembea nalo limeandikwa katika karatasi. Tunalitaja hili kwa faida ya wanafunzi wanaokata tamaa mapema, maana mwanamke huyu ndiye aliyekuja kupiga hesabu za maelfu ya nyota.

Nyumba iliyogeuka karakana

Darubini nzuri zilikuwa ghali, na zile za kukodi zilikuwa ndogo. Mwaka 1773 Herschel aliamua kutengeneza za kwake. Darubini yake ilitumia kioo cha shimo dogo kama sahani, kilichokusanya nuru. Kioo hicho hakikuwa cha bilauri, bali cha madini, shaba iliyochanganywa na bati, kikasuguliwa mpaka king'ae. Kazi ya kusugua haikuruhusu kupumzika, kwani mkono ukiondoka kwa wakati usiofaa kioo huharibika. Kuna siku alisugua kwa saa 16 mfululizo, na Caroline akawa anamlisha tonge kwa tonge kinywani, huku akimsomea hadithi ili asichoke.

Chumba kizuri cha nyumba kikajaa mbao, na chumba cha kulala kikawa na mashine. Katikati ya tamasha, wakati wasikilizaji wakipumzika, Herschel alikimbia nyumbani kuangalia vioo vyake akiwa bado amevaa nguo zake za heshima, na mikono ya shati ikachafuka kwa lami. Mwezi wa Agosti 1781 alijaribu kusubu kioo kikubwa mno. Kalibu ilitengenezwa kwa udongo na samadi ya farasi iliyotwangwa. Madini yalipoyeyuka yakavuja, yakatiririka juu ya sakafu ya mawe. Mawe yakapasuka na kuruka mpaka darini, na wote waliokuwamo wakakimbilia mlangoni. Hakuna aliyeumia, lakini kioo hakikupatikana.

Sayari mpya

Wakati wa ajali hiyo jina la Herschel lilikuwa limeanza kujulikana. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake, aliona katika kundi la Mapacha kitu ambacho hakikuonekana kama nyota. Nyota, hata ikikuzwa vipi, hubaki nukta. Hiki kilikuwa na duara, na baada ya siku chache kilikuwa kimesogea. Herschel aliandika kwamba ni nyota yenye mkia. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipopiga hesabu za njia yake, walikuta kwamba ni sayari iliyo mbali na jua karibu mara mbili ya Zohali.

Tangu kale watu walijua sayari zinazoonekana kwa macho tu, na hii ilikuwa ya kwanza kuvumbuliwa na mtu anayejulikana kwa jina. Leo inaitwa Uranus. Wengine walikuwa wameiona kabla yake, wa kwanza mwaka 1690, wakaiandika kuwa nyota ya kawaida, wakaipita. Herschel hakuipita, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuikagua kila nyota, moja baada ya moja.

Mfalme George wa Tatu alifurahi, na mwaka 1782 akampa pauni 200 kwa mwaka ili aache kufundisha muziki na akae karibu na Windsor. Fedha hizo zilikuwa chini ya alizopata kwa muziki, hata hivyo alikubali. Alihamia Datchet, na mwaka 1786 Slough, mahali alipokaa mpaka kufa. Kuanzia mwaka 1787 Caroline naye alilipwa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi ya msaidizi, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke katika elimu ya nyota. Yeye mwenyewe alivumbua nyota nane zenye mkia kati ya mwaka 1786 na 1797.

Kufagia anga

Sasa tunafika kwenye kazi iliyo kubwa kuliko hiyo sayari. Mfaransa Charles Messier alikuwa amechapisha orodha ya vijiwingu vya nuru zaidi ya 100 vilivyoonekana kati ya nyota. Vijiwingu hivyo huitwa nebula. Messier aliviandika ili watafutaji wa nyota zenye mkia wasidanganyike navyo. Herschel alipoipata orodha hiyo aliitazama kwa namna nyingine. Alitaka kujua vijiwingu hivyo ni nini hasa.

Mwaka 1783 alianza kulifagia anga kwa darubini ya urefu wa futi 20, yenye kioo cha upana wa sentimeta 47 hivi. Yeye alisimama juu, jichoni pa darubini. Caroline alikaa karibu na dirisha, mbele yake saa, taa, kalamu na orodha ya nyota. Anga lilizunguka taratibu mbele ya darubini. Kila kitu kilipopita William alitamka alichoona, naye Caroline akaandika saa na mahali. Asubuhi, kaka akilala, dada alinakili yote kwa hati safi na kupiga hesabu. Usiku wenye anga safi haukupotezwa, hata theluji ikiwa imefunika nchi.

Mkesha wa mwaka mpya wa 1784 Caroline alitumwa arekebishe kitu upande wa pili wa darubini. Alikimbia gizani juu ya theluji, akaanguka, na kulabu ya chuma ikamwingia mguuni juu ya goti. William, asiyejua, alizidi kumwita afanye haraka. Caroline alijibu kwamba amenaswa. Walipomnasua, nyama ilibaki kwenye chuma. Alichoandika baadaye kwa faraja ni kwamba anga lilikuwa limefunikwa na mawingu usiku uliobaki, kwa hiyo kaka yake hakupata hasara yoyote. Tulipolisoma hilo tulinyamaza kidogo. Katika kila parokia wako watu wa namna hiyo, na mara nyingi majina yao hayasomwi siku ya shukrani.

Kwa kazi hiyo ya miaka 20 ndugu hawa waliandika vijiwingu na makundi ya nyota 2,500, katika orodha tatu za mwaka 1786, 1789 na 1802. Leo tunajua kwamba vingi vya vijiwingu hivyo ni galaksi, yaani makundi makubwa ajabu ya nyota, kila moja kama Njia Nyeupe yetu. Moja ya galaksi hizo, ambayo wataalamu huitaja kwa namba 253, iliandikwa kwanza na Caroline tarehe 23 Septemba 1783. Hapa kwetu Afrika Mashariki hupita juu sana angani, na mwenye darubini ndogo ya mikono miwili huweza kuiona.

Mtu katika shamba la minazi

Herschel alitaka pia kujua umbo la Njia Nyeupe yenyewe. Njia aliyoitumia ni rahisi, na mwalimu yeyote anaweza kuieleza darasani. Tuseme mtu amesimama ndani ya shamba la minazi, naye hawezi kutoka. Minazi imepandwa kwa nafasi zilizo sawa. Akitazama upande mmoja akahesabu mashina machache, atajua ukingo uko karibu. Upande wenye mashina mengi, ukingo uko mbali. Kwa kuhesabu tu, bila kuinua mguu, ataweza kuchora shamba zima.

Herschel alihesabu nyota katika sehemu zaidi ya 600 za anga, na mwaka 1785 akachapisha mchoro. Ulionyesha nyota zetu zimekusanyika kama mkate wa kusukuma, mpana na mwembamba, na jua likiwa karibu na katikati. Hapo ndipo mwanadamu alipojaribu kwa mara ya kwanza kupima galaksi yake kwa hesabu badala ya kukisia. Herschel aliamini pia kwamba vijiwingu vingi ni makundi mengine ya nyota kama letu, yaliyo mbali mno. Alitambua kwamba nuru yake husafiri muda mrefu kabla ya kutufikia, hata anayetazama mbali anaona mambo ya zamani.

Alivyokiri makosa yake

Tungeweza kukomea hapo na kumsifu. Lakini sehemu ya maisha yake inayotugusa kuliko zote inafuata baadaye.

Tarehe 13 Novemba 1790 Herschel aliona nyota moja iliyozungukwa na ukungu wa nuru uliokuwa umeshikamana nayo. Ukungu ule haungeweza kuwa nyota za mbali. Akakiri kwamba alikosea kudhani kila kijiwingu ni kundi la nyota, maana vingine kweli ni mvuke ung'aao. Kisha, alipotumia darubini zenye nguvu zaidi, nyota nyingine zilizidi kuonekana nyuma ya zile za kwanza. Kumbe hakuwa ameufikia ukingo wa shamba. Mwaka 1811 aliandika waziwazi kwamba lile wazo la nyota kutapakaa kwa nafasi sawa halifai tena, na mwaka 1817, akiwa mzee, alisema kina cha Njia Nyeupe hakipimiki kwa darubini zake. Mchoro uliompa sifa aliubomoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu wote.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tunajua jambo hilo lilivyo zito. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanachuo kwamba sayari ni tisa. Mwaka 2006 wataalamu walipokubaliana kuiondoa Pluto katika hesabu hiyo, tulisikia habari redioni, na bado muhula mzima tuliendelea kusema tisa, kwa sababu tuliona haya kurudi mbele ya darasa na kusema kwamba mambo yamebadilika. Mwanachuo mmoja alijua, akanyamaza kwa heshima. Ukimya wake ulitufundisha kuliko kitabu. Herschel, mtu aliyekula meza moja na wafalme, hakuona haya hiyo.

Hatusemi kwamba hakuwa na mapungufu. Aliamini mpaka mwisho kwamba ndani ya jua kuna viumbe wanaoishi. Na alipooa mwaka 1788, katika kanisa la Mtakatifu Laurence pale Upton, Caroline alilazimika kumwachia wifi yake nyumba aliyoitunza kwa miaka 16. Aliyoyaandika katika daftari zake za miaka iliyofuata aliyaharibu mwenyewe baadaye. Baada ya muda walipatana, na mtoto wa kaka yake, John, akawa kipenzi chake.

Darubini kubwa na tundu la mbinguni

Mwaka 1789 Herschel alimaliza darubini ya urefu wa futi 40, yenye kioo cha upana wa meta 1.2, kwa fedha za mfalme. Bomba lake lilikuwa pana hata watu waliweza kupita ndani lilipokuwa bado limelazwa chini. Inasimuliwa kwamba siku moja Mfalme alipita humo pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury. Askofu alipojikwaa, Mfalme alimpa mkono, akamwambia amfuate, atamwonyesha njia ya kwenda mbinguni. Darubini hiyo ilikuwa nzito kuendesha, na Herschel alizidi kuitegemea ile ya futi 20.

Mwaka 1800 alifanya jaribio lililoonekana dogo. Aliipitisha nuru ya jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu, ikagawanyika rangi kama upinde wa mvua, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na nuru yoyote ya kuonekana, joto lilizidi kupanda. Alikuwa amevumbua miali ambayo jicho haliioni.

Usiku mwingine, akikagua kundi la Nge, alifika mahali peusi pasipo na nyota hata moja. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia dada yake kwamba hapo kweli pana tundu katika mbingu. Caroline hakulisahau tundu hilo. Miaka mingi baadaye John alisafiri kwenda Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na kuanzia mwaka 1834 hadi 1838 akaandika nyota na vijiwingu vya anga la kusini ambavyo baba yake hakuweza kuviona. Shangazi, aliyekuwa na miaka zaidi ya 80, alimwandikia asiache kukagua Nge. John alikagua, akamjibu kwamba sehemu tupu zipo kweli.

Sasa tunajua sababu yake. Si tundu. Ni mavumbi membamba yaliyotanda kati ya nyota na kuzuia nuru. Mavumbi hayo ndiyo yaliyomdanganya Herschel alipochora jua katikati. Mtu wa shamba la minazi akifunikwa na ukungu ataona mashina sawa pande zote, naye atadhani amesimama katikati ya shamba. Kumbe jua letu liko pembeni. Kutoka hapa hadi kitovu cha Njia Nyeupe nuru husafiri miaka kama 26,000, nayo nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Na wataalamu wanapotaka kuona yaliyo nyuma ya mavumbi hutumia miali ileile isiyoonekana, ambayo Herschel aliivumbua kwa kipimajoto. Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani siku ya Krismasi ya mwaka 2021, inafanya kazi kwa miali hiyo.

Mwisho wake na waliomfuata

Herschel alifanywa kuwa Sir mwaka 1816. Alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83, akazikwa katika kanisa lilelile alilofungia ndoa. Caroline alirudi Hanover, akapanga upya orodha ya vijiwingu vyote vya kaka yake ili imsaidie John, na mwaka 1828 akapewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Elimu ya Nyota cha London. Alifariki mwaka 1848, akiwa na miaka 97.

Orodha za jamaa hii zilikuwa msingi wa orodha kubwa ya mwaka 1888, yenye vitu 7,840, ambayo namba zake hutumika hata leo. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani, mwanamke mwingine aliyefanya kazi ya kuhesabu kwa malipo madogo, alionyesha kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na kwamba urefu wa zamu huonyesha nguvu ya nuru yake. Hapo umbali ukapimika. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya kijiwingu cha Andromeda, akapiga hesabu, akakuta kiko nje kabisa ya Njia Nyeupe. Leo tunajua nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kutufikia. Wazo la kwanza la Herschel, kwamba viko visiwa vingine vya nyota, lilikuwa kweli. Na sahihisho lake, kwamba vijiwingu vingine ni mvuke tu, nalo lilikuwa kweli.

Kwa hiyo, kijana wetu wa darasa la sita, jibu tunalokudai ni hili. Nyota za Njia Nyeupe zina mwisho, na ni zaidi ya bilioni 100. Baada yake kuna nafasi tupu, kisha galaksi nyingine, na nyingine, mamia ya mabilioni. Ukingo wa ulimwengu wote hakuna aliyeuona. Tukipata jibu bora kuliko hili, tutarudi kukuambia, wala safari hii hatutangoja muhula uishe.

Nanyi wasomaji, mwezi Novemba, usiku usio na mwezi, mawingu yakitawanyika, zimeni taa ya nje mnamo saa tatu. Upande wa kaskazini, mahali penye giza, mtaona doa dogo la ukungu. Hiyo ni Andromeda. Geukeni kusini, chini kidogo, mtaona doa jingine. Ni galaksi ndogo, jirani yetu, ambayo Herschel hakuweza kuiona kamwe kutoka Uingereza. Sisi huku kwetu tumejaliwa kuziona zote mbili kwa usiku mmoja, kwa macho yetu, bila kulipa senti. Waiteni watoto nao waje kuona, na wakiuliza msilolijua, liandikeni.